Mpira wa Dola Nane

Bukavu haina barabara tambarare.
Ina kupanda na ina kushuka,
na kati ya hayo mawili
kuna mguu wa kushoto wa dereva.

Alhamisi nililipa.
Diski mpya, pleti mpya, beringi mpya
iliyotoka kwenye karatasi yake yenye mafuta;
Fundi Cirhuza alinionyesha moja moja kabla ya kuzifunga,
akapangusa mikono, akasema:
"Zihalirwa, hii Hailaksi itakuzika wewe."

Ijumaa, kwenye mwinuko wa Funu,
na magunia kumi na moja ya viazi vya Walungu mgongoni,
nilikanyaga klachi mpaka chini
na gia ya kwanza ikanijibu:
krrr.
Nikakanyaga tena. Krrr.
Pikipiki nyuma yangu zikanitukana kwa honi,
mama wa sambaza akasogeza beseni lake
mbali na gurudumu langu, bila haraka,
kama mtu aliyewahi kuona gari likirudi nyuma.

Nikazima injini.
Gia ikaingia, laini kabisa.
Nikawasha, mguu ungali umekanyaga,
na gari likaruka mbele kama mbuzi aliyechomwa mwiba.

Nikajua hapo: haitelezi. Haiachii.
Kuna klachi isiyoshika, hiyo ni uzee, utaihurumia.
Hii yangu ilishika
na haikutaka kusikia habari ya kuachana.

Nikashuka nayo hadi gereji, gia ya pili tupu,
na njia nzima nilikuwa nachagua maneno.
Mwizi. Mlevi. Mwanafunzi wa nani wewe.
Nilipofika niliyatoa yote.

Cirhuza hakujibu. Aliuliza tu:
"Na mariyere?"
"Inalia zaidi."
"Ukipampu mara tatu?"
"Inaingia. Kwa shida."
"Basi kuna hewa."

Nabintu akaingia chini, miezi saba tu kazini,
na chupa ya maji na kipande cha bomba la plastiki.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Mapovu yalitoka, kisha machache, kisha hakuna,
mafuta yakashuka safi kama chai ya mgonjwa,
na pedali bado ilikuwa laini chini ya kiatu,
mkate uliosahauliwa kikombeni.

"Diski umeiweka kinyume," nikasema.

Akaweka spana chini.
Mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa,
umeme ulikuwa umekatika tangu saa nne,
na giaboksi ile ni watu watatu na changarawe mgongoni.
"Tutaishusha," alisema,
kwa sauti ya kusema: tutazika.

"Baba, kanyaga tena."
Nabintu, angali chini.
"Nimekanyaga mara mia!"
"Kanyaga polepole."
Nikakanyaga polepole.

"Unavimba."
"Nini?"
"Huu mpira wa mafuta. Ukikanyaga
unavimba mkononi mwangu kama koo la chura.
Nguvu yako inaishia humu. Kule chini haifiki."

Mvua ikaanza kugonga mabati.
Cirhuza alinitazama, mara moja tu,
kisha akatafuta kitambaa ambacho kilikuwa begani mwake.
Angeweza kusema.
Alhamisi aliushika mpira ule ule, akaukunja, ukaonyesha nyufa.
"Na huu umechoka. Dola nane."
Nami nikajibu: "Hauvuji. Uache."

Nabintu akakimbia Kadutu kwenye mvua,
akarudi na mpira ndani ya gazeti, na franga za chenji
alizozihesabu mbele yangu, moja moja.

Jioni, katikati ya Funu, nilisimama makusudi.
Viazi vyote mgongoni, breki ya mkono juu,
pikipiki zikianza tena.
Gia ya kwanza iliingia kimya.

Niliwaachia gunia moja mlangoni mwa gereji.
Cirhuza alisema asante.
Mimi neno langu nililikanyagia mpaka chini,
likagoma kuingia.
Krrr.